Saa Ngapi Tangu Glasi ya Mwisho?

Kuzimua ni kitenzi cha jikoni. Chai ikiwa ya moto mno unaizimua kwa maji baridi, uji ukiwa mzito unauzimua kwa maziwa. Kisha neno likahamia kilabuni, likachukua maana ya kunywa pombe asubuhi ili kuondoa machungu ya pombe ya jana. Nairobi wao husema kutoa loki. Wanywaji hulitamka huku wakicheka, na anayelisikia hucheka pia, kwa sababu linaonekana kuwa utani wa walevi.

Madaktari hawalichukulii hivyo. Mwaka 1984 John Ewing, daktari wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, alichapisha maswali manne mafupi ya kumtambua mtu aliyetawaliwa na pombe. Umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako? Umewahi kujisikia vibaya kwa ajili yake? La nne: umewahi kunywa asubuhi, kabla ya jambo jingine lolote, ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa pombe? Matatu ya kwanza yanauliza habari za moyo na majirani. La nne peke yake linauliza habari za mwili, na kwa Kiswahili lingeweza kuulizwa kwa neno moja: unazimua?

Tutofautishe lakini, maana kuna kuzimua kwa namna mbili. Aliyeamka vibaya baada ya harusi akaenda kunywa supu ya makongoro yenye pilipili na ndimu, au akanunua dafu mbili, huyo hana neno. Ana hengova. Kichwa kinamgonga, ana kiu, mwanga unamuumiza macho, na hata harufu ya bia inamtia kichefuchefu. Kadiri jua linavyopanda ndivyo anavyopata nafuu, na ikifika alasiri amesahau. Hengova humpata hata mtu anayekunywa mara mbili kwa mwaka.

Yule wa pili anakwenda kinyume chake. Saa zikipita ndivyo anavyozidi kuwa mbaya. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka wakati wenzake wamevaa sweta, moyo unaenda mbio, anashtuka mlango ukigongwa, tumbo linakataa chakula. Supu haimsaidii kitu. Akipata glasi moja, katika muda mfupi mikono inatulia, anaweza kufunga vifungo vya shati na kwenda kazini. Vijana waliozama kwenye heroini wana neno lao la hali hii: arosto. Na arosto ya pombe ipo, tena ni ya hatari kuliko ya heroini. Ya heroini humtesa mtu vikali lakini ni mara chache imuue peke yake. Ya pombe inaua.

Hapo ndipo neno mlevi linapotupoteza. Mlevi tunayemjua ni yule anayeyumba, anayetukana, anayelala mtaroni. Tukimwona baba wa watu anayekunywa kila siku bila kuyumba tunamsifu kwamba anaimudu, kichwa chake kigumu. Ugumu huo wenyewe ni dalili. Mwili ulioweza kubeba chupa nane bila kuyumba ni mwili uliojipanga upya kwa ajili ya pombe, na kujipanga huko kuna gharama inayodaiwa siku pombe ikikosekana. Kwa hiyo anapokuambia "mimi si mlevi, umeniona nimelewa lini?" anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado mwili wake ukawa umefungwa mnyororo. Usimtazame usiku akiwa nazo. Mtazame saa kumi na mbili asubuhi akiwa hana.

Kinachotokea kichwani kinaeleweka vizuri ukikumbuka mashine ya kusaga. Ukisimama pale mlangoni mashine inaponguruma, lazima upige kelele ili mwenzako asikie. Mnazoea, mnazungumza hivyo hivyo kwa kelele mpaka mnasahau kwamba mnapiga kelele. Ghafla umeme unakatika. Mashine inazima, na sauti yako inabaki peke yake, inaita kama ya mwendawazimu, watu wote wanageuka.

Ubongo una kemikali ya kutuliza, iitwayo GABA, na ya kuchangamsha, iitwayo glutamati. Pombe huisaidia ile ya kutuliza na kuibana ile ya kuchangamsha, ndiyo maana glasi ya kwanza inalegeza mabega. Ukinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hukataa kulazwa. Unapunguza usikivu wake kwa kemikali ya kutuliza na kuongeza milango ya ile ya kuchangamsha, ili uweze kuwa macho ndani ya mvumo wa pombe. Sasa unapiga kelele. Pombe ikikatika ghafla, zile kelele zinabaki bila mashine: mishipa ya fahamu inafyatuka ovyo, na hilo ndilo linaloonekana kama mikono inayotetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, na likizidi, degedege.

Zamani wengi waliamini kwamba mtetemeko na wazimu huo huletwa na njaa, kwa kuwa wanywaji wakubwa hawali. Mwaka 1955 daktari Harris Isbell na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Lexington, Kentucky. Wanaume kumi, waliokuwa zamani watumiaji wa mofini, walipewa pombe kila siku huku wakilishwa vizuri na kupewa vitamini, kisha wakakatiwa ghafla. (Leo jaribio kama hilo lisingepita kwenye kamati yoyote ya maadili, na ni haki.) Waliokunywa kwa majuma machache walitoka na taabu ndogo. Waliokunywa kati ya siku 48 na 87 waliugua hasa, na miongoni mwao wapo waliopata degedege na waliochanganyikiwa kabisa. Chakula walikuwa nacho. Kilichowaangusha ni kukatiwa.

Angalia hizo siku: 48. Haihitaji miaka ishirini.

Baba yangu mdogo alivunjika mguu kwa bodaboda siku ya Jumatano. Akalazwa, akafungwa uzito, tukamletea uji na matunda, Alhamisi akawa anaongea vizuri isipokuwa halali na analowesha shuka kwa jasho. Tukasema maumivu. Ijumaa usiku alianza kuchuma vitu kwenye shuka. Vidole viwili, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele. "Siafu hawa," akasema, "nani kawaleta siafu hapa?" Hapakuwa na siafu. Alfajiri alikuwa hamjui mkewe na anamwita nesi kwa jina la dada yake aliyekufa. Mama mdogo akaanza kumtaja jirani fulani na shamba la minazi lenye mgogoro, na mmoja wetu akatumwa kumtafuta mtaalamu wa kienyeji.

Nesi wa zamu, mama wa makamo, alikuja na swali moja tu. "Mama, mzee huwa anakunywa?"

"Kidogo. Za sikukuu."

Nesi akamtazama kwa upole. "Mama yangu, mara ya mwisho ilikuwa lini? Saa ngapi?"

Swali la saa ndilo lenye maana, kwa sababu arosto ya pombe ina ratiba. Kati ya saa sita na ishirini na nne tangu glasi ya mwisho huja mtetemeko, jasho, wasiwasi, kichefuchefu, usingizi kupotea. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Wengine, kuanzia saa ya 12 hivi, huona au kusikia visivyokuwepo huku akili zao zikiwa timamu, wanajua kabisa kwamba kuna jambo haliendi sawa. Kisha, kati ya saa 48 na 96, yaani siku ya pili hadi ya nne, wachache hufikia kile ambacho Thomas Sutton, daktari Mwingereza, alikiita mwaka 1813 delirium tremens: kuchanganyikiwa, homa, shinikizo la damu kupanda, mapigo kwenda mbio, na wadudu. Mara nyingi ni wadudu au wanyama wadogo. Kabla ya tiba za sasa, hali hiyo iliweza kuua hadi theluthi ya walioipata. Leo kwa aliyewahiwa hospitali ni chini ya watano katika mia.

Baba mdogo alikunywa mara ya mwisho Jumatano mchana. Ijumaa usiku ilikuwa karibu saa ya sitini. Jirani na minazi yake hawakuhusika.

Ukishaijua ratiba hii, unaanza kuiona mahali pengi ambapo hukuitazamia. Kamata mtu Ijumaa, mweke mahabusu, Jumapili anaanguka kifafa, na wote wanasema amepigwa au anaigiza. Mpeleke mjomba kijijini kwa bibi mlokole ambako hakuna hata tone, siku ya pili anaanza kuweweseka, na bibi anakemea mapepo. Pwani kuna Ramadhani. Mwisho wa Shaabani watu huvunja jungu, na kwa wanywaji wa mjini kuvunja jungu kumekuwa na maana ya kumaliza chupa pia. Alfajiri mtu anatia nia na kufunga kwa moyo safi. Mfungo wa pili mikono yake haishiki kikombe cha futari. Anadhani ni njaa, au shetani anapigana kabla hajafungwa, na ndugu zake wanamsifu kwa kuvumilia, wakati huo ndio hasa wakati wa kumpeleka hospitali. Kwaresima inayo yake pia.

Mwaka 2020 ilionekana kwa nchi nzima nzima. Afrika Kusini ilipiga marufuku uuzaji wa pombe kuanzia Machi 27 kwa ajili ya korona. Jimbo la Kerala, India, lilifunga maduka ya pombe wakati huohuo, na katika siku chache zikaja habari za watu kujiua na kuugua kwa kukosa. Serikali ya jimbo ikatoa agizo la ajabu: mwenye cheti cha daktari auziwe pombe. Madaktari wakapinga, wakisema arosto ina dawa zake na pombe si mojawapo, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo mwanzoni mwa Aprili. Madaktari walikuwa sahihi. Hata hivyo naielewa hofu ya serikali ile.

Huku kwetu kikwazo kikubwa ni kwamba dalili hizi zinafanana na magonjwa tunayoyajua zaidi. Anatetemeka na kutoka jasho, tunasema malaria. Baridi ya malaria hutikisa mwili wote, meno yanagongana, unaomba blanketi. Mtetemeko wa pombe ni mwembamba zaidi: mwambie anyooshe mikono mbele na kutanua vidole, utaona vinacheza kama majani ya mkaratusi. Mwambie atoe ulimi, nao hucheza. Hii haimaanishi usipime malaria. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na mnywaji asiyekula anaweza pia kushuka sukari ya damu, jambo ambalo nalo hutetemesha na kutoa jasho. Pima, lakini kipimo kikirudi safi usirudi nyumbani na dawa ya kichwa ukadhani umemaliza.

Degedege la kwanza kwa mtu wa miaka arobaini na tano ambaye hajawahi kuwa na kifafa, uliza glasi ya mwisho. Kisha mwangalie kichwa, kwa kuwa wanywaji huanguka na damu inaweza kuvujia ndani ya fuvu bila jeraha kuonekana. Akiwa anatupa mikono na miguu mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.

Kuna dalili nyingine zisizopiga kelele, zinazokuja polepole miaka kabla ya mtetemeko. Mwaka 1976 watafiti Griffith Edwards na Milton Gross waliziandika, na moja yao huwa inanigusa kuliko zote: unywaji unakuwa mwembamba. Zamani huyu bwana alikunywa bia kwenye harusi, mbege akienda Moshi kwa Krismasi, akiwa na homa hakunywa, akiwa na kazi nyingi alisahau. Sasa ni kipimo kilekile, saa ileile, Jumatatu kama Jumamosi, msibani kama arusini. Furaha imeondoka kwenye pombe, imebaki ratiba. Jingine waliloliandika ni kwamba aliyekaa mwaka mzima bila kunywa akirudi, harudi mwanzo wa barabara. Ndani ya siku chache amefika palepale alipoachia.

Kuhesabu chupa husaidia kidogo tu. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe halisi. Konyagi au waragi ya mililita 250 yenye asilimia 35 ina karibu gramu 70, bia tatu na nusu ndani ya kichupa kinachoingia mfukoni. Ini la mtu wa kawaida huondoa gramu kati ya 7 na 10 kwa saa. Aliyemaliza bia nane usiku wa manane kesho yake mchana bado ananuka, na arosto inaweza kuanza pombe ikiwa ingali kwenye damu, ikishuka tu. Ndiyo maana "bado amelewa, aache alale" ni kauli ya hatari. Na kwenye gongo, chang'aa au ulanzi, ambako hakuna lebo, hesabu ya chupa haina maana kabisa. Hesabu saa.

Serikali nazo zimejaribu kuhesabu saa kwa namna yake. Sheria ya Kenya ya 2010, ambayo watu huiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Tanzania ilipiga marufuku viroba Machi 2017, vile vijifuko vilivyokuwa vikipasuliwa kwa meno ndani ya daladala ya asubuhi. Nakubaliana na zote mbili. Ila mwenye mikono inayotetemeka hawezi kusubiri saa kumi na moja, naye ndiye anayeishia kwenye pombe ya uani isiyojulikana ilichochanganywa. Mwaka 2000 Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya mia kwa methanoli na kuwapofusha wengine. Sumu hiyo huanza kuonekana saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, dirisha lilelile la arosto. Mtu akisema anaona ukungu, au macho yanafifia, huku akipumua haraka na tumbo likimkata, usiseme anamaliza pombe mwilini. Kimbia naye.

Kipo kipimo ambacho Wakenya walishiriki kukitengeneza na wengi wao hawajui. Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 lilikusanya takwimu katika nchi sita, Australia, Bulgaria, Kenya, Marekani, Mexico na Norway, likatoa maswali kumi yaitwayo AUDIT. Alama ni 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji wako una hatari. Kuanzia 20 unapaswa kuchunguzwa kama mwili umeshafungwa. Swali la sita ni rafiki yetu wa mwanzo: mwaka huu uliopita, ni mara ngapi umehitaji kinywaji asubuhi ndipo uweze kuianza siku?

Mwenye jibu la "mara nyingi" asiachishwe ghafla nyumbani. Asifungiwe chumbani, asinyweshwe kwa siri vidonge vya kuachisha pombe ndani ya supu (najua kina mama wengi wamefanya hivyo kwa mapenzi, vidonge hivyo vikikutana na pombe vinaweza kusimamisha moyo), wala asinunuliwe diazepamu, dawa ya kutuliza, duka la dawa akachanganya na chupa. Hospitalini hupewa dawa za kundi hilohilo, ila kwa kipimo kinachopunguzwa siku hata siku na mtu anayemwangalia pumzi. Mwombe daktari pia vitamini B1 ya sindano, kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na kuikosa kunaleta ugonjwa ambao daktari Mjerumani Carl Wernicke aliueleza mwaka 1881: kuchanganyikiwa, macho kucheza, kuyumba. Usipotibiwa mapema unaweza kufuta kumbukumbu moja kwa moja. Kenya, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Hospitali za magonjwa ya akili zipo: Kampala kuna Butabika, Nairobi Mathari, Dodoma Mirembe.

Na usidanganyike na "mbona mwaka juzi aliacha mwenyewe bila shida?" Kila kuacha ghafla huufundisha ubongo kufyatuka zaidi safari inayofuata. Aliyetetemeka tu mara ya kwanza anaweza kuanguka kifafa mara ya tatu.

Baba mdogo alilala siku mbili mfululizo baada ya dawa, akaamka akidai chai. Siafu hakuwakumbuka. Yule nesi alipita jioni, akavuta kiti karibu na mama mdogo, akauliza upya kwa sauti ya chini, safari hii akiwa ameshika kalamu. Mama mdogo alitazama mlangoni kuona kama sisi watoto tunasikia, kisha akaanza kutaja: asubuhi kabla ya swala, kikombe kimoja, saa nne, kimoja.